Kupandishwa kwa Basi, kwa Waya au kwa Canter?

Safu ya maswali ya wapenda baiskeli. Anajibu fundi wa Chikongola, Mtwara

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mzaliwa wa Newala, kwa sasa niko Cardiff, Wales, kwa masomo. Wenzangu chuoni ni wapenzi wa baiskeli za mlimani na wanataka twende kwenye viwanja vya mteremko, vile ambavyo unapandishwa hadi juu na huduma ya kiwanja, kazi yako inabaki kushuka. Nina akiba ya safari moja tu. Mmoja anasema twende BikePark Wales kwa sababu ni karibu, mwingine anataka Fort William kule Scotland, wa tatu ananishauri nijikaze hadi Julai twende Les Gets na Morzine, Ufaransa. Mimi nimekulia kwenye baiskeli ya madumu ya maji, mteremko siuogopi. Nichague wapi?
Kijana wa Newala, Cardiff

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa masomo.

Umegusa jambo ambalo wengi hulipita, nalo ni kupandishwa. Barua nyingi ninazopata kuhusu viwanja hivi zinauliza mlima una mita ngapi. Mita hizo hazikusaidii kama nusu ya siku inaishia kwenye foleni, au kama njia imeliwa na maji na hakuna aliyeigusa kwa jembe tangu msimu uliopita. Kabla sijarudi Mtwara nilifanya kazi huko huko Wales kwenye karakana ya baiskeli za kukodisha, na jioni watu waliporudisha baiskeli nilikuwa nawauliza siku imekwendaje. Hakuna aliyenitajia kimo cha mlima. Walisema wameshuka mara ngapi, kona zipi zilishika matairi vizuri, wapi palikuwa na tope. Mpaka leo kiwanja nakipima hivyo: kinanipandishaje, na njia zake anazitunza nani.

Merthyr Tydfil ni mji wa zamani wa chuma na makaa ya mawe, saa moja hivi kwa treni kutoka hapo Cardiff. BikePark Wales ilifunguliwa huko mwaka 2013, kwenye msitu wa Gethin. Kilele ni mita 491 juu ya usawa wa bahari na mteremko wenyewe haufiki mita 300. Wewe uliyezoea kusimama Shimo la Mungu pale Newala na kuliona bonde la Ruvuma limelala kule chini, utakiona ni kilima tu. Usikidharau. Wanapandisha watu kwa mabasi madogo yenye trela nyuma: baiskeli zinapangwa kwenye trela, ninyi mnakaa ndani, basi linakwea barabara ya msituni, mnashushwa juu na kila mtu anashika njia yake. Mzunguko ni mfupi, na anayeanza anahitaji sana mzunguko mfupi. Kona uliyoivuruga unaikuta tena kabla mwili haujasahau ulikosea wapi. Kwenye mlima mrefu kona hiyo hiyo unakutana nayo mara chache kwa siku, na ukiifikia mikono imeshachoka.

Basi lina uzuri mwingine: upepo unaosimamisha magari ya waya, yale yanayoning'inia na kuvutwa kwenye waya hadi mlimani, hauwatishi madereva. Ubaya wake ni nafasi za kuhesabika. Tiketi za kupandishwa hununuliwa mapema mtandaoni, na za Jumamosi na Jumapili huwahi kwisha. Wewe mwanafunzi tafuta siku ya katikati ya wiki isiyo na vipindi. Ipo pia tiketi ya bei nafuu kwa anayepanda kwa kunyonga pedali mwenyewe, lakini siku ya kwanza usiichukue. Nguvu utakazomaliza kwenye kupanda ndizo utakazozihitaji kwenye kushuka, na watu wengi huanguka wakiwa wamechoka.

Ukifika kwenye trela, baiskeli yako ipange mwenyewe au simama karibu ipangwe ukiona. Angalia miguu ya shokapu ya mbele, ile miwili laini inayong'aa. Pedali ya baiskeli ya jirani ikiukwaruza mguu mmoja njia nzima kwa mtikisiko wa barabara ya msituni, panabaki alama nyembamba ambayo kwa macho unaweza usiione, ila kwa ukucha utaisikia. Kila shokapu inapobonyea alama ile inapita kwenye sili na kuila, na baada ya muda mafuta yanaanza kuchirizika. Nimefungua shokapu nyingi zilizokufa kwa namna hiyo, na wenye nazo wakadhani ni mawe ya mlimani. Funga kipande cha kitambaa kizito kwenye pedali ya jirani, mwombe radhi, endeleeni na safari.

Fort William ni habari nyingine kabisa. Pale unapanda kwa gari la waya la Nevis Range, ubavuni mwa mlima Aonach Mòr, mpaka mita 650 hivi. Njia ya mashindano inashuka zaidi ya mita 500 kwa urefu wa karibu kilomita tatu, na sehemu kubwa ni miamba mitupu. Kombe la Dunia la mteremko wa baiskeli lilianza kufika pale 2002, na ubingwa wa dunia umeshindaniwa pale 2007 na 2023. Ni mahali pa heshima na naelewa kwa nini mwenzako anapataka. Lakini kutoka Cardiff ni safari ya siku nzima, upepo ukivuma gari la waya linasimama, na mvua ya upande ule wa Scotland haihitaji mwaliko. Njia nyepesi zipo, ila hakuna anayevuka nchi nzima kwa ajili ya hizo. Ukishafika utatamani ile ya mashindano, na kwa mtu wa mara ya kwanza ile njia inavunja mifupa.

Kuhusu Les Gets na Morzine, mwenzako hakukudanganya. Viko kwenye eneo la Portes du Soleil, linalokaa mpakani mwa Ufaransa na Uswisi. Tiketi moja inakupandisha kwenye viti na magari ya waya ya vituo vingi, na unaweza kunywa chai nchi hii na kula mchana nchi ile. Les Gets imeandaa ubingwa wa dunia mara mbili, 2004 na 2022. Msimu ni Juni hadi Septemba. Kupanda kwenyewe ni raha: unakaa kwenye kiti, baiskeli imening'inia kwenye kiti kingine, unapumzika mikono huku unaitazama njia utakayoshuka. Waya haukauki foleni wakati wa likizo, lakini unabeba watu wengi mno kwa saa kuliko basi lolote.

Shida ya milima hiyo ya Alps ni urefu, na urefu unadai breki. Breki za diski zinaendeshwa na mafuta ndani ya bomba. Ukizishikilia muda wote kwenye mteremko mrefu, joto linatoka kwenye diski linapita kwenye pedi mpaka kwenye mafuta. Mafuta yakichemka yanatoa mapovu, na mapovu yanabonyea kirahisi, kwa hiyo mkono wa breki unakuwa laini na kusogea mpaka kugusa usukani bila baiskeli kupunguza mwendo. Ndiyo maana baiskeli za mteremko hufungwa diski kubwa, milimita 200 na zaidi. Dawa yenyewe iko kwenye vidole: breki kwa nguvu kabla ya kona, kisha achia kabisa, diski ipigwe na hewa. Mazoea haya hujifunzi Morzine ukiwa umeshalipa nauli ya ndege. Unajifunzia Merthyr.

Wakikutajia kiwanja cha Whistler, Kanada, wasikilize kwa adabu halafu weka akiba. Ilifunguliwa 1999, viti vya waya vyake vyote vikifanya kazi unashuka karibu mita 1,500, na wenye uzoefu wengi watakuambia hakuna kama ile. Huko si pa mwaka huu kwako.

Sasa lile la kwamba mteremko huuogopi. Mwanangu, nakuheshimu kwa kuibeba ile mizigo ya maji, najua kile kipando cha Newala kinavyomtoa mtu jasho. Ila baiskeli ya madumu inakufundisha kukaa nyuma kwenye kiti, kukaza mikono na kuburuza breki mwanzo hadi mwisho, maana uzito uko nyuma yako na ukiuachia umekwisha. Huku ni kinyume. Unasimama juu ya pedali zikiwa usawa mmoja, magoti na viwiko vimelegea na kutanuka, kifua kimeinama kuelekea usukani ili gurudumu la mbele lipate uzito na lishike kona. Ukikaa nyuma kwa hofu au kwa mazoea, gurudumu la mbele linaelea, na lile ndilo linalokuongoza. Mtu asiye na woga na mwenye mkao wa zamani ndiye ninayemhofia kuliko mwoga.

Kwa hiyo fuata rangi. Wales na Scotland njia huwekwa alama ya kijani, bluu, nyekundu na nyeusi, kutoka nyepesi hadi ngumu. Merthyr kuna njia ya kijani iitwayo Kermit, ndefu na ya upole. Ishuke mpaka uichoke, ndipo uende bluu. Nyekundu iache mpaka uweze kushuka bluu nzima bila kuketi kwenye kiti hata mara moja.

Baiskeli kodisha, usinunue, na ujue kwamba kodi ya baiskeli nzuri huzidi tiketi ya kupandishwa, kwa hiyo iweke kwenye hesabu mapema. Kwa Merthyr huhitaji ile ya mteremko mtupu yenye shokapu zinazobonyea hadi milimita 200 mbele na nyuma. Ya milimita 150 au 160 inatosha na ni nyepesi kuigeuza kwenye kona. Helmeti chukua inayofunika uso mzima, na vikinga magoti na viwiko usivikatae hata kama wenzako hawavai.

Jibu langu basi ni Merthyr. Kwa fedha ambayo ungeimaliza kwenye safari moja ya Ufaransa, pale utakwenda zaidi ya mara moja. Julai ya mwaka unaofuata nenda Les Gets ukiwa umeiva. Fort William nenda kwanza ukatazame mashindano kando ya kamba, halafu uamue.

SWALI: Fundi habari za kazi? Nimenunua baiskeli ya mtumba hapa Mtwara mjini, ina shokapu mbele, matairi yenye meno na gia nyingi. Nimeona video za vijana wanaoshuka milima. Naweza kuanza nayo kwenye kilima cha nyuma ya mji, Mikindani?
R., Mikindani

JIBU: Nzuri, mdogo wangu. Kushuka taratibu kwenye njia ya udongo, ndiyo. Kuruka, hapana.

Shokapu nyingi za baiskeli hizi zinabonyea milimita 60 hadi 80 tu na ndani ni springi tupu bila mafuta ya kuituliza, kwa hiyo zinabonyea na kurudi kwa kishindo. Kabla hujaipeleka popote, igeuze na kuifuta vumbi lote, kisha angalia chini ya kichwa cha fremu, pale bomba la chini linapoungana na kichwa. Fremu hukatika hapo. Ukiona rangi imepasuka kwa mstari mwembamba, au kutu imechora mstari, usiipande kwenye kilima, iwe baiskeli ya sokoni. Halafu ishike breki ya mbele, weka kidole kwenye maungio ya kichwa na foki, itikise mbele na nyuma. Kidole kikisikia mgongano, gololi zimelegea au zimekwisha, na hiyo ni kazi ndogo kwa fundi yeyote. Raba za breki zikiwa ngumu kama mfupa na zinang'aa, badilisha. Waya wa breki uliochanika hata uzi mmoja, badilisha leo.

Na ushuke asubuhi, njia ile wanapita kina mama na watoto wa shule.

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Mimi ni mwalimu Lindi mjini, tuna kikundi cha waendesha baiskeli, wanaume kwa wanawake. Tunawaza kutengeneza njia yetu ya mteremko, iwe Rondo au Newala, tukodi Canter itupandishe. Wenzetu wengine wanasema ni ndoto, bila magari ya waya haiwezekani. Wewe unaonaje?
Mwalimu, Lindi

JIBU: Waaleikum salaam dada mwalimu. Inawezekana, na barua yako ndiyo iliyonifanya niombe ukurasa mzima safari hii.

Mchezo wenyewe ulianza kwa pikapu. Tarehe 21 Oktoba 1976, karibu na mji wa Fairfax, California, vijana walishindana kushuka barabara ya vumbi ya kuzimia moto wa msituni, kiasi cha mita 400 za mteremko kwa kilomita tatu na kitu. Baiskeli zao zilikuwa chakavu, nzito, za gia moja, za breki ile ya kurudisha pedali nyuma. Wakifika chini grisi yote ya ndani ya haba (kitovu cha gurudumu) ya nyuma imeungua na kutoka moshi, inabidi ifunguliwe na kujazwa upya, na mbio zile zikaitwa Repack, yaani kujaza upya, kwa sababu ya kazi hiyo. Baiskeli na watu walipandishwa juu kwa pikapu. Hakukuwa na waya wala kiti.

Na si Ulaya na Marekani tu. Mwaka 2013 ubingwa wa dunia ulifanyika Pietermaritzburg, Afrika Kusini, kwenye vilima vya mji wa kawaida, na Greg Minnaar, mtoto wa mji huo, akashinda mteremko huku tairi lake la nyuma limeshatoka upepo kabla ya kufika mwisho. Nikiikumbuka siku ile napata hamu ya kushika jembe.

Waya tuuache. Kilimanjaro kwenyewe wazo la magari ya waya lilipovuma 2019, waongoza watalii na wapagazi walilipinga kwa sababu za riziki yao. Canter inatosha, ila watu wasipande nyuma na baiskeli. Kodini Hiace kwa ajili ya watu, Canter ibebe baiskeli peke yake. Zisimamishwe, moja ikielekea mbele na nyingine nyuma ili usukani usigombane, katikati yake wekeni vipande vya magodoro ya zamani, zifungwe kwa tyubu zilizochoka. Tyubu inanyumbuka na haikwaruzi, kamba ya katani inalegea njiani. Msipange safari zenu Oktoba hadi Desemba. Msimu wa korosho kila Canter ya kusini iko maghalani na kodi yake hamtaiweza, na mashambani ndiko watu walipo.

Rondo mnaijua kuliko mimi, ila sehemu kubwa ya msitu ule ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Msiingize jembe wala panga pale bila kibali cha maandishi. Kwa kuanzia mimi naipendelea Newala. Mji uko ukingoni mwa uwanda wa Makonde, barabara ya gari inafika juu, na mteremko wa kuelekea Ruvuma ni mkubwa kuliko mnaouhitaji. Msichukue njia za miguu zilizopo. Zile zimechongwa na watu waliokuwa wakishuka kutafuta maji miaka na miaka, bado zinatumika, na mwendo wa baiskeli yenu si wa kukutana na bibi mwenye kuni kichwani. Nendeni serikali ya kijiji kwanza, mkae na wazee, muhtasari uandikwe na kusainiwa, na mwenye shamba ambalo njia inagusa ukingo wake awepo kwenye kikao hicho.

Kazi kubwa itakuwa maji. Udongo wa ukingo ule ni wa kichanga, na mvua ya Januari haina huruma. Njia ikishuka moja kwa moja, msimu mmoja tu inageuka korongo, na korongo hilo litakula shamba la mtu. Ikateni kwa kuambaa mlima. Kipimo wanachotumia wajenzi wa njia duniani kote ni mita 10 za mwendo kwa mita moja ya kushuka, kwa wastani. Mkitaka mteremko wa mita 200, njia iwe kilomita mbili. Kila baada ya hatua chache inyanyueni kidogo kisha ishuke tena, ili maji yatoke pembeni kabla hayajakusanya nguvu, na upande wa nje wa njia uwe chini kidogo kuliko wa ndani. Wakulima wanaochimba makinga maji wanalielewa hili kuliko waendesha baiskeli wengi niliowahi kukutana nao, kwa hiyo waajirini wao na muwalipe.

Anzeni na kipande cha rangi ya kijani peke yake, hata anayeanza kabisa kwenye kikundi chenu aweze kukishuka bila kuanguka. Siku za kushuka, Hiace moja ibaki chini ikiwa na dereva na sanduku la huduma ya kwanza, isipandishe watu, kazi yake iwe kusubiri aliyeumia kumpeleka hospitali. Hili msilibanie fedha.

Mkipata muhtasari wa kijiji, nitumieni nakala kupitia gazeti. Mvua zikikatika, mwezi wa tano, nitakuja na kipimo cha mteremko na rundo la vigingi tuipime njia kwa pamoja, na kijana wa Cardiff akiwa likizoni aje na jembe.